Mwaka Ambao Sitajaribu

Homa Bay, 16 Februari 2025

Wifi yangu Beverlyne,

Pokea salamu zetu wewe na ndugu yangu Monari, na majirani wenu wa hapo Migori wanaonijua. Huku tunaendelea. Mvua haijatukumbuka bado, lakini ndizi za Kisii zinanifikia kila wiki na wateja wa hapa sokoni hawaniachi nikae. Cephas wangu amechaguliwa tena kuwa mzee wa kanisa. Amenunua suti, sasa anatembea kama mtu aliyemeza fimbo. Mama amekaa nasi tangu Krismasi. Magoti yanamsumbua, ulimi haumsumbui.

Usishangae kuona barua. Nimepiga simu yako mpaka nimechoka. Monari anasema umeizima na kuiweka kabatini chini ya nguo. Mtu mzima anazimaje simu, wifi? Basi nimeandika, na nimempa Makori, dereva wa lori la ndizi, akuletee pale saluni. Ukitaka kujibu, mpe yeye akirudi.

Nije kwa jambo lenyewe. Monari ameniambia zile dawa za Januari hazikushika. Pole. Lakini usikate tamaa, maana Mungu hachelewi. Nimepata habari ya mama mmoja upande wa Kuria, karibu na mpaka, anayetoa mizizi. Mke wa mwalimu mmoja hapa alikaa miaka mingi bila kitu. Alipokwenda kwa huyo mama akapata pacha. Nimeshaongea naye. Anataka uje wiki ya kwanza ya Machi, na usile chumvi kabla ya hapo.

Tena akina mama wa Dorkasi wamekubali kufunga kwa ajili yako Sabato mbili. Nilisimama mbele ya kanisa zima nikataja jina lako, nao wakasema amina kwa sauti. Huna haja ya kushukuru. Wewe ni wetu.

Jibu upesi, huyo mama asimpe mtu mwingine nafasi yako.

Wifi yako akupendaye,
Nyasuguta


Migori, 9 Machi 2025

Kwa wifi Nyasuguta,

Nimepokea barua yako pamoja na mkungu wa ndizi. Asante. Nawasalimu nyote, shemeji Cephas na suti yake, na Mama na magoti yake. Mwambie binti yako Terry kwamba anti yake anamuulizia. Tangu Desemba sijasikia sauti yake, na si kawaida yake. Hata alipokuwa mwanafunzi akikaa kwetu hapa, hakuweza kulala bila kunisimulia siku yake yote. Monari ni mzima. Anakwenda Osiri na Macalder kupeleka pampu kwa wachimba dhahabu, anarudi na matope hadi magotini, anakula, analala. Ile ploti yetu ya Oruba imeota nyasi. Mafundi wanakuja kutaka kuchimba msingi, anawafukuza. Sijui ana nini, na nguvu ya kumuuliza sina.

Sikwenda kwa mama wa mizizi, na sitakwenda.

Wifi, nikueleze kwa nini simu imo kabatini. Kila nikiiwasha kuna mtu wa kunipa dawa. Mmoja tangawizi, mwingine mstari wa Biblia, mwingine kunielekeza namna ya kulala. Na sasa unaniambia kanisa zima la Homa Bay linajua habari za tumbo langu. Nilipoisoma barua yako niliona haya, nikiwa peke yangu chumbani.

Ulinipigia Novemba ukasema, "Pole wifi, ni damu tu, mwezi ujao mtajaribu tena." Haikuwa damu tu. Zile mbili za kwanza, sawa, zilikuwa za wiki chache, nami nilizimeza. Hii ya Novemba nilikuwa na miezi mitano. Niliumwa uchungu usiku kucha, nikasukuma, nikazaa. Walinichoma sindano nikalala, na nilipoamka hapakuwa na kitu. Hakuna aliyenionyesha. Wote mliniambia nirudi kazini nisiwaze sana, nikarudi kabla wiki haijaisha. Nilikuwa namsuka mteja, blauzi ikalowa. Yalikuwa maziwa. Nikavaa aproni, nikaendelea kusuka. Januari mkanipeleka Kisumu kwa dawa nyingine, nami nikaenda kama ng'ombe anayepelekwa kwenye josho.

Basi nimeamua. Mwaka huu sitajaribu. Sitaki hospitali, sitaki mizizi, sitaki mfungo. Nataka kulala, na nataka kulia, kwa sababu sijalia. Naomba mniachie mwaka mmoja tu.

Wako,
Beverlyne


Homa Bay, 27 Machi 2025

Wifi Beverlyne,

Bwana asifiwe. Sisi ni wazima. Mvua imekuja yote kwa pamoja, imebomoa kibanda changu cha soko na kuharibu parachichi zote. Mama anakusalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kusema kweli imeniumiza. Nilipiga magoti kwa ajili yako, wewe unaona haya. Nilimsihi yule mama wa Kuria, sasa nimeonekana mwongo mbele yake. Hayo nimesamehe.

Lakini hili la kupumzika, wifi, silielewi. Kupumzika ni kwa mtu aliyemaliza kazi. Una miaka thelathini na saba. Umri haukai kwenye kiti ukakungojea. Sisi kwa baba yetu, mtu akilia aliambiwa ashike jembe, na alipofika mwisho wa shamba machozi yalikuwa yamekauka. Mimi niliwalea watano hivyo hivyo. Ukikaa na kuliangalia jambo, linakua.

Na lile la Novemba, usilirudie rudie. Mama anasema si vizuri kulitaja, linafunga njia ya mwingine.

Ule mkutano wa familia tuliopanga Aprili hapa kwangu umeahirishwa, kwa hiyo usijisumbue kusafiri. Terry hajambo. Kazi zimemzidi.

Mungu akulainishe moyo.

Nyasuguta


Ndhiwa, 15 Juni 2025

Wifi Nyasuguta,

Salamu nitazitafuta mwishoni, nikizipata.

Wiki mbili zilizopita aliingia saluni kwangu mwanamke anaitwa Celestine. Alikuwa ametoka Homa Bay kuja harusini huko Migori, akataka asukwe. Nikamuuliza, "Mtindo gani?" Akafungua simu yake, akatafuta picha, akanipa. "Nataka nitoke kama huyu aliyeketi," akasema. "Ilikuwa sherehe ya binti wa mzee wetu wa kanisa. Alipendeza, ungemwona!"

Nikaishika ile simu. Aliyeketi alikuwa Terry, kwenye kiti kilichopambwa maua, tumbo limejaa, anacheka. Wewe umesimama kushoto kwake na kisu cha keki. Mama yuko kulia. Watoto wako wote wapo, hata mashemeji wa Kisii. Na nyuma yenu, ameshika sahani, yupo Monari mume wangu, kwa shati la buluu nililompigia pasi mimi mwenyewe asubuhi ile ya Jumapili ya Aprili aliponiambia anapeleka pampu Macalder.

"Unamjua?" Celestine akaniuliza.

"Simjui," nikasema. Nikamsuka. Nilimsuka kama Terry, nywele kwa nywele, akafurahi, akaenda harusini.

Monari aliporudi nyumbani sikumkaribisha chai. Nikamuuliza, "Ile Jumapili ya Aprili ulikuwa wapi?"

"Si nilikuambia? Macalder. Nilipeleka pampu."

"Pampu ilikuwa na keki?"

Akaketi. Kisha akasema, "Mama alisema ni afadhali usijue mpaka mtoto afike salama. Ni kwa ajili yako, Beverlyne. Tusikuumize."

"Ni kwa ajili yangu, au kwa ajili ya jicho langu?"

Hakujibu. Wifi, kutojibu kwake ndiko kulikonitoa katika nyumba ile.

Nani alisema jicho langu ni baya? Nataka jina. Yule mtoto mimi nilimfundisha kufunga sodo, nilimuuguza alipoumwa malaria, nilimsuka kwa ajili ya kila mtihani. Mlidhani ningelitazama tumbo lake likayeyuka? Ningelia, ndiyo. Ningekwenda chooni kwako, nikalia, nikanawa uso, nikarudi kukata keki. Hata hilo hamkuniachia. Mliona ni bora kunifanya mchawi kuliko kuniona nikilia.

Nimefunga saluni. Niko kwa mama yangu hapa Ndhiwa. Nilipofika na begi, majirani walitoka kuangalia kama nimefukuzwa. Mama yangu hakuuliza kitu. Alitandika kitanda cha chumba cha nyuma, akafunga pazia, akaniambia, "Nind, nyathina." Lala, mwanangu. Nililala mpaka kesho yake jioni. Niliamka nikakuta uji na yeye ameketi mlangoni anachambua dengu, amewaambia wageni wote kwamba sipo. Tangu nizae Novemba, huyo ndiye mtu wa kwanza kuniambia nilale.

Salamu nimezitafuta. Kwa Terry tu.

Beverlyne


Homa Bay, 6 Julai 2025

Wifi Beverlyne,

Najua hutaki salamu zangu lakini nitazituma, maana sijui kuanza barua bila hizo. Wasalimu wa kwenu hapo Ndhiwa, na hasa mama yako.

Terry amejifungua mvulana. Nakuambia mimi mwenyewe sasa, ili usiambiwe na mteja.

Uliuliza jina. Ni Mama. Alisema mwanamke aliyepoteza asiwekwe karibu na tumbo la kwanza. Mimi sikumpinga. Nilinyamaza, nikaagiza keki. Terry alilia siku mbili akitaka uje, tukamwambia ni kwa faida yako. Alipokupigia, simu imezimwa. Na hapo, wifi, niache niseme: wewe nawe ulijifungia. Ungetaka nikuambie jambo kama lile kwa lori la ndizi? Haya. Nimelisema limetoka. Haliondoi kosa.

Sasa nikueleze ya Monari. Alikuja hapa Jumapili iliyopita bila kusema anakuja. Akaketi jikoni. Nikampa ugali na chinsaga, mboga anayoipenda tangu utoto, hakugusa. Mama akaingia na fimbo yake, akauliza, "Mke amerudi?"

"Hajarudi."

"Basi usimfuate. Mwanamke anayekwenda kwao kwa sababu ya sherehe ya mtu mwingine, muache akae huko."

Monari akasimama. Beverlyne, unamjua ndugu yangu, hata karani akimkosea yeye ndiye anayeomba radhi. Akamwambia Mama, "Wewe ndiye uliniambia nisimwambie. Nimelibeba peke yangu tangu Novemba. Nimechoka, Mama." Akatoka nje.

Nikamfuata. Nilimkuta ameegemea tangi la maji, analia na mdomo wazi kama mtoto. Mara ya mwisho kumwona akilia alikuwa hajaanza shule. Nikataka kumwambia anyamaze, awe mwanamume. Maneno yalishafika mdomoni. Sijui kwa nini sikuyasema. Nikasimama naye tu mpaka yakaisha.

Akaniambia jambo. Sitaliandika hapa, kwa sababu si langu, na kwa sababu wewe ndiye ulipaswa kulijua kabla yangu, kabla ya Mama, kabla ya yeyote. Anaogopa kuja Ndhiwa. Anasema mama yako atamfungia lango. Mruhusu aje. Umsikilize, halafu ukitaka umfukuze, umfukuze.

Nyasuguta


Ndhiwa, 13 Julai 2025

Wifi,

Mwambie aje. Asije na mtu, wala asilete zawadi.

B.


Migori, 31 Agosti 2025

Wifi Nyasuguta,

Natumaini ulifika salama na magunia yako. Hapa tuko. Nimefungua saluni, lakini siku tatu tu kwa wiki. Siku nyingine nalala, au naketi tu nyuma ya nyumba, na mwenye nyumba ameanza kuuliza kama naumwa. Shemeji Cephas msalimu. Mama nitamsalimu nikiweza. Bado sijaweza.

Ulipokuwa hapa uliniuliza Monari aliniambiaje, nikageuza maneno. Sikuweza kulisema kwa mdomo. Nakuandikia.

Alifika Ndhiwa jioni. Mama yangu alimfungulia, akampa kiti, akatuacha. Aliketi akiangalia viatu vyake. Nikamwambia, "Sema."

Akasema, "Alikuwa msichana."

Wifi, nilikuwa sijui. Miezi minane nilikuwa nikisema "ile mimba", "lile la Novemba", kama mlivyosema nyote, maana sikuwa na neno jingine. Yeye alijua tangu siku ile. Nesi alimwita nje akamuuliza watafanyaje, akampa mtoto akiwa amefungwa kwenye leso yangu ya manjano. Ile leso nililaumu hospitali kuwa waliiba. Monari akampigia Mama kuuliza, na Mama akamwambia kitu kama hicho hakizikwi wala hakililiwi, na mwanamke asikione, tumbo lake litafunga. Nusu ya hayo hakumtii. Alichukua sururu kutoka dukani kwake, akaenda peke yake kwenye ploti yetu ya Oruba, akachimba, akamzika. Hakujua aombe nini. Anasema alisimama pale akakumbuka tu ombi la chakula, basi akaliomba hilo.

Nusu nyingine alimtii. Alirudi hospitali, akanishika mkono, akaniambia kila kitu kimeshughulikiwa.

"Ndiyo maana unafukuza mafundi," nikasema.

"Ningewaambia wachimbe wapi?"

Nilimpiga, wifi. Nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, naye hakunizuia. Nilimwambia ameniibia. Nilikuwa na mahali pa kulilia na yeye alikuwa anapita hapo kila wiki kuangalia, peke yake, na mimi nikisuka nywele za watu na maziwa yakinitoka. Akasema, "Nilidhani nikiunyamazia huu uchungu utakwisha." Nikamuuliza, "Umekwisha?" Akatikisa kichwa. Halafu nikalia. Nililia sauti ya kwetu, ile inayoita majirani, nao wakaja, na mama yangu akawaambia langoni bila kuzunguka, "Tumefiwa na mjukuu." Wakaingia. Walikaa nami mpaka asubuhi. Kuna waliosema mila haziruhusu, mama akawaonyesha njia ya kwenda kwao.

Sijamsamehe Monari yote. Namwambia hivyo, na yeye anasema sawa. Kuna siku tunakula vizuri. Kuna siku namwangalia nakasirika upya, natoka nje. Nadhani itakuwa hivyo kwa muda.

Na wewe. Sikukutegemea. Ulipotuma ujumbe kwamba unakuja nilidhani umeleta chupa ya mizizi. Nilikagua mfuko wako ulipokwenda kunawa, nikuambie kweli. Tulipofika Oruba nilikungojea useme tumsahau, tusonge mbele. Ulivua viatu, ukatandika mkeka kwenye nyasi, ukaketi. Wapita njia walidhani tunapima ploti. Jua lilikuchoma, na mimi nakujua, hujawahi kuketi saa nzima bila kuchambua kitu kwa mikono. Uliketi. Na wakati wa kuinuka niliuona mdomo wako ukifunguka. Nilijua kilichokuwa kinakuja: "Mungu atakupa mwingine." Ukaufunga. Ukasema tu, "Jina lake nani?"

Sikukujibu kwa sababu hatukuwa nalo. Tumeongea tangu uondoke. Ni Marcella, jina la bibi yangu. Monari alitaka la upande wenu, nikamwambia mwaka huu upande wenu ungoje.

Sasa jambo la mwisho, na usilipeleke kanisani. Watu wameanza: "Sasa umelia, umepoa, mwakani mtajaribu?" Hata Monari jana aliuliza, kwa upole, lakini aliuliza. Kana kwamba kulia ni dawa nyingine ya kunywa ili mtoto aje. Sikulilia mtoto mwingine. Nilimlilia huyu. Mwakani nikiamka nataka kujaribu, nitajaribu. Nikiamka sitaki, sitaki, na itabidi mnipende hivyo hivyo au mniache. Nimechoka kuwa shamba ambalo kila mtu anauliza limeota nini.

Terry nimempigia. Ndiyo, simu nimeiwasha, lakini nawasha jioni tu, na lile kundi lenu la familia la kwenye simu nimejitoa. Tulilia, kisha akanisimulia siku yake yote kama zamani, na mtoto akawa anapiga kelele nyuma yake. Nilivumilia kidogo, kisha nikamwambia, "Terry, inatosha kwa leo," naye akasema, "Sawa, anti," akakata. Hakuuliza kwa nini. Mfundishe Mama hivyo, kama anafundishika.

Mtoto wake nitakuja kumwona. Sijui lini. Msinifiche, na msinivute.

Ni mimi,
Beverlyne, mama Marcella